Nikiota maji yanapanda, niyasome vipi?

SWALI: Mimi ni fundi cherehani, mwanamke wa miaka 44, naishi Morogoro mjini. Tangu mwezi wa tatu naota ndoto ileile, tena wazi kiasi kwamba nikiamka nainama kuangalia sakafu. Nipo katika nyumba ya marehemu mama yangu huko Kilosa, maji ya rangi ya chai ya maziwa yanapenya chini ya mlango, nami nimejitwika cherehani yake kichwani na siwezi kuitua. Jirani anasema maji ni machozi, kijitabu nilichonunua stendi kinasema maji machafu ni maradhi, na mdogo wangu anasema maji ni hisia. Tafsiri sahihi ni ipi, na je, ipo njia ya kitaalamu ya kuisoma ndoto bila kubahatisha?

JIBU: Dada yangu, tafsiri zote tatu ulizopewa zina kasoro moja, nayo ni kwamba zimeanza na maji kabla ya kuanza na wewe. Kasoro hiyo waliiona watu wa kale kabla saikolojia haijawa taaluma. Artemidorus, Mgiriki wa karne ya 2 aliyeandika vitabu vitano juu ya ndoto, alisisitiza kwamba mfasiri aulize kwanza kazi ya mwotaji, hali yake na desturi za kwao. Ibn Sirin, mwanachuoni wa Kiislamu wa Basra aliyesifika kwa kufasiri ndoto na aliyefariki mwaka 110 wa Hijria, husimuliwa kwamba alijiwa na watu wawili, kila mmoja ameota anaadhini. Mmoja alimbashiria Hija na mwingine akamwambia atashikwa kwa wizi, kwa kuwa alitazama hali ya kila mmoja wao. Vijitabu vinavyouzwa leo kwa jina lake vimepanga maana kwa orodha, jambo linalokwenda kinyume kabisa na kisa hicho.

Uwazi wa ndoto yako una maelezo ya mwili. Ndoto nyingi zenye picha kali hutokea katika usingizi ambao macho huchezacheza chini ya kope, uliotambuliwa mwaka 1953 na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago. Usingizi huo hurudi kila baada ya dakika 90 hivi, na vipindi vyake hurefuka kuelekea alfajiri, ndiyo maana ndoto ya asubuhi hukumbukwa zaidi. Wakati huo sehemu za ubongo zinazohusika na hisia na picha huwa na kazi nyingi, ilhali zile za kupima na kupanga hupungua nguvu. Kwa hiyo hisia hutangulia na hoja hufuata, nami huwaomba watu waanze hapo: kabla hujaniambia maji ni nini, niambie ulihisi nini maji yalipofika kwenye vifundo vya miguu, kisha uniambie ni wapi tena, katika wiki hizi mbili ukiwa macho, umehisi hivyohivyo.

Tuje kwenye maji yenyewe. Umetaja Kilosa, na mwanzoni mwa mwaka 2010 mji huo ulipatwa na mafuriko makubwa ya Mto Mkondoa. Iwapo ulikuwapo, maji ya ndoto hii kwanza ni kumbukumbu, na kuyageuza kuwa alama ya machozi au maradhi ni kuikwepa. Angalia pia kwamba ndoto imeanza mwezi wa tatu, masika yanapoanza. Mvua inayopiga bati usiku huweza kuingia ndotoni. Maelezo hayo mawili yanaweza kuyaeleza maji yote, lakini hayaielezi cherehani.

Hapo ndipo ningekaa muda mrefu zaidi. Nieleze cherehani hiyo kana kwamba unamweleza mtoto ambaye hajawahi kuiona: ni ya kukanyaga au ya mkono, nani aliishika mara ya mwisho, ilimlisha nani, na sasa iko wapi. Maelezo hayo yaandike asubuhi, kabla ya kushika simu, kwa maneno yako yaleyale yanavyokuja, kwa sababu maneno ya mwotaji hubeba mengi kuliko anavyodhani. Katika barua yako umeandika “nimejitwika”, hukuandika “nimetwikwa”. Kwetu mzigo mzito wa kichwani mtu hutwikwa na mwenzake, na akifika hutuliwa na mwenzake. Anayejitwika peke yake hupata taabu kuutua peke yake. Sijui ni jambo gani ulilobeba tangu mama aondoke ambalo hakuna aliyekupa, iwe ni ada za wadogo zako, jina la familia, au kazi yenyewe ya ushonaji. Hilo ni lako kulijibu, nami nikikujibia nitakuwa nimerudi kwenye orodha ya kijitabu.

Utajuaje kwamba umesoma sawasawa? Tafsiri yenye uzito humgusa mwotaji papo hapo, mara nyingi kwa machozi au kwa kimya, na huonyesha jambo la mchana linaloweza kuchunguzwa. Tafsiri inayokuambia nani amekuroga au nani anakuonea kijicho ikatae mara moja, hata ikitolewa kwa upole. Nimeona ndugu wakikosana kwa miaka kwa sababu ya nyoka aliyeonekana ndotoni, na hakuna elimu yoyote ya ndoto ninayoifahamu inayomruhusu mfasiri kumhukumu mtu mwingine.

Kabla ya yote hayo, kagua dawa unazotumia. Efavirenzi, iliyotumika kwa miaka mingi katika matibabu ya VVU, meflokwini ya malaria na propranololi ya shinikizo la damu zote zinajulikana kuleta ndoto kali, na hata kuacha pombe ghafla huweza kuzizidisha. Usiache dawa kwa sababu ya ndoto. Mweleze daktari aliyekuandikia.

Na ikiwa ulikuwapo kwenye mafuriko, na ndoto hii inakuamsha kwa hofu, moyo ukidunda, kiasi cha kuogopa kulala, acha kutafuta maana kwa sasa na umwone mshauri wa saikolojia. Jinamizi la aina hiyo hutibiwa kwa njia tofauti: mchana, ukiwa umetulia, unaiandika ndoto upya na kuibadilisha utakavyo, kisha unaipitia ile mpya kichwani kwa dakika 10 hadi 20 kila siku kwa majuma kadhaa. Badiliko lolote linafaa, mradi likutoke wewe. Maji yanaweza kukomea kizingitini. Mlango unaweza kufunguka, akaingia mtu akanyoosha mikono kukutua. Ukichagua hilo la pili, mwandike mtu huyo ni nani, kisha uniletee ulichoandika.