Labo imeandika AgHBs: sasa tufanye nini?

Maswali ya wiki hii yametoka Kadutu, Bagira na Ibanda, hapa Bukavu, na karibu yote yanazunguka karatasi moja ya labo.

Nilienda kutoa damu kwa ajili ya mgonjwa wetu, wakanikatalia: nina AgHBs. Macho yangu ni meupe na ninakula vizuri. Nianze dawa gani?

Bado usianze yoyote, papa. AgHBs ni kipande cha ganda la virusi vya homa ya ini B. Kikionekana, ujue virusi vimo mwilini, basi. Hakisemi viliingia lini wala ini limeumia kiasi gani. Na macho yasikudanganye: wengi wenye ugonjwa sugu hawapati manjano mpaka ini limekwisha kukakamaa.

Rudia AgHBs baada ya miezi 6. Ikiwa bado ipo, ugonjwa ni sugu. Aliyeambukizwa akiwa mtu mzima kwa kawaida huvifukuza virusi mwenyewe. Kwa mtoto mchanga ni kinyume: karibu 9 kati ya 10 hubaki navyo.

Lakini usikae bure miezi hiyo. Pimisha sasa ASAT na ALAT (vimeng'enya vya ini), plaketi (chembe za kugandisha damu), kreatinini (ya figo), VVU na homa ya ini C. Kwa ASAT na plaketi daktari hupiga hesabu iitwayo APRI, inayokadiria kovu la ini, na hata wewe unaiweza. Tuseme ASAT ni 80 na kikomo cha juu cha kawaida cha labo ni 40: 80 gawa kwa 40 ni 2. Plaketi ni 160 (yaani elfu 160): 2 gawa kwa 160, mara 100, unapata 1.25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2024 unasema mtu mzima mwenye ugonjwa sugu akizidi 0.5 apewe dawa. Hesabu hii hudanganya mtu akiwa na homa ya ini iliyoanza juzi, kwa sababu ASAT hupanda sana bila kovu lolote.

Kiasi cha virusi katika damu hupimwa hata na mashine ya GeneXpert, ileile ya kifua kikuu, kama kuna katriji yake. Kikizidi 2,000 kwa mililita na ALAT iko juu, hiyo nayo ni sababu ya kutibiwa. Dawa ni tenofovir 300 mg, kidonge kimoja kwa siku, kwa miaka. Kipimo cha VVU hutangulia, maana tenofovir peke yake kwa mwenye VVU huzalisha VVU visivyosikia dawa. Na ukiikata kwa sababu unajisikia vizuri, virusi huamka na vinaweza kuliangusha ini ghafla.

Nina mimba ya miezi 5 na AgHBs ni pozitifu. Mtoto atapona?

Mama, hapa saa ndiyo dawa. Mtoto achanjwe dhidi ya homa ya ini B ndani ya saa 24 tangu azaliwe. Hiyo si pentavalenti ya wiki ya 6, 10 na 14. Pentavalenti haipigwi siku ya kuzaliwa, na kuisubiri wiki 6 ni kuviachia virusi nafasi. Kwa hiyo uliza leo, si siku ya uchungu, kama materniti yenu ina ile chanjo ya peke yake. Ikiwa haina, mko na miezi 4 ya kuitafuta. Muulize daktari pia kuhusu tenofovir: hutolewa kuanzia mwezi wa nne mpaka kujifungua, hasa virusi vikiwa 200,000 kwa mililita au zaidi. Kunyonyesha ruhusa. Mpimishe mtoto akiwa na miezi 9 hadi 12, chanjo zikiwa zimekamilika.

Mwenye AgHBs nyumbani, tumtengee sahani yake?

Hapana. Fufu na sambaza mle pamoja. Kinachotengwa ni wembe, mswaki na kikata kucha. Virusi hivi hukaa hai nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi, hata katika damu iliyokauka kwenye meno ya mashine ya kunyoa. Kuipuliza nywele, kama wafanyavyo vinyozi wengi, si kuisafisha. Damu ikimwagika, vaa glavu, changanya kipimo 1 cha javel (jiki) ya 5% na 9 vya maji siku hiyohiyo, acha dakika 10, kisha pangusa. Mke na watoto wapimwe. Wasio nayo wachanjwe mara tatu: leo, baada ya mwezi 1, na mwezi wa 6.

Yangu ni C, si B.

Una bahati kuliko unavyodhani. Kwanza hakikisha kwa kipimo cha virusi vyenyewe, kwa kuwa antibodi hubaki hata kwa aliyepona. Vikiwepo, sofosbuvir 400 mg na daclatasvir 60 mg kila siku kwa wiki 12 huponya zaidi ya 9 kati ya 10. Kabla ya kuanza pima B pia, ili isiamke katikati ya tiba. Chanjo ya C haipo.

Majani ya kusafisha ini je? Na kasiksi?

Majani yasiyojulikana yana uwezo wa kuliunguza ini lililo dhaifu, na hakuna yanayojulikana kufukuza AgHBs. Kasiksi na kanyanga ni pombe, acha zote. Na kuna kitu watu hawakiangalii: karanga na mahindi yaliyoota ukungu. Sumu yake, aflatoksini, ikikutana na homa ya ini B huzidisha sana hatari ya kansa ya ini, na kukaanga hakuimalizi. Punje iliyokunjamana au yenye rangi ya kijani, itupe kabla ya kusaga.