Mkia wa trela ulipoanza kucheza

Jamaa yangu wa hapa Aurora, Colorado, Marekani, amenunua trela ya kulala, ndogo, ya ekseli moja, yaani jozi moja ya tairi. Akanipigia simu: "Kaka, muuzaji kaniambia gari langu linaivuta bila shida. Nifunge tu niondoke?" Nikamwambia asubiri nimwandikie. Nawe mwenye mpango kama wake, soma humu humu.

Muuzaji hajamdanganya. Toyota Highlander yangu ya V6 nayo inaruhusiwa kuvuta pauni 5,000, kama kilo 2,270, na trela yetu ikiwa tupu ina pauni 2,900. Nilipiga hesabu hiyo moja nikaona nafasi imebaki ya kumwaga. Tukapakia kana kwamba tunahama. Mchele, mkaa, jiko, makopo ya maharage na sufuria la shughuli, vyote kwenye kabati la nyuma kwa sababu ndilo kubwa. Baiskeli mbili zikaning'inia kwenye bampa ya nyuma. Tanki la maji, lita 95, nikalijaza hadi likafurika. Maji hayana siri: lita moja, kilo moja. Na tanki hilo liko chini ya kitanda, nyuma ya tairi.

Tulikuwa tunaelekea Great Sand Dunes, hifadhi ya matuta ya mchanga. Tulipoipita Colorado Springs, kwenye barabara kuu ya I-25 inayoteremka kuelekea Pueblo, lori refu likatupita. Upepo wake ukatusukuma pembeni, kisha ukatuvuta. Halafu nikahisi kiti kinaenda kushoto wakati usukani unaenda kulia. Kwenye kioo naiona trela inatupa mkia huku na huku, kila mara zaidi ya mara iliyotangulia. Mke wangu, ambaye alikuwa anasimulia harusi ya mtu, alinyamaza hapo hapo.

Hapa shika neno, maana hutapata muda wa kufikiri. Usikanyage breki kwa nguvu. Usishindane na usukani. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, kisha sukuma kwa kidole swichi ya kidhibiti cha breki za trela, ile iliyofungwa karibu na goti lako, ili trela ifunge breki peke yake. Itajivuta nyuma na kunyooka. Yangu ilinyooka. Nikaenda maili 45 kwa saa mpaka kituo cha malori, vidole vimekufa ganzi.

Mimi ni mtu wa Kibaha. Nimekua nikijua mizani ni kitu ambacho madereva wanakiombea dua. Huku unaingia kwa hiari yako na unalipa dola chache. Mizani za CAT Scale, kampuni yenye mizani kwenye vituo vya malori, zina sahani kadhaa, kwa hiyo tairi za mbele za gari, za nyuma, na za trela kila moja inapimwa peke yake. Unapima ukiwa umefunga trela, unaikata na kuiegesha, unarudi na gari peke yake, watu na mizigo yake vikiwa vile vile. Hesabu ni kutoa tu. Trela yetu ilikuwa na pauni 3,640, na kibandiko chake kinaruhusu 3,800. Haikuzidi! Lakini katika hizo, zilizolalia kwenye gari kupitia shingo ya trela, ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye gari, zilikuwa 240 tu, hata asilimia 7 haifiki. Inatakiwa asilimia 10 mpaka 15.

Dereva mmoja wa lori, Mkenya, aliyekuwa anakunywa kahawa pale, alitazama trela, akatazama baiskeli, akacheka. "Boss, ushaona mkokoteni ukijazwa nyuma? Si unajua mwenye mkokoteni huenda wapi?" Huenda juu, miguu inaelea. Nimeliona Kariakoo mara ngapi, na bado nilipakia vile.

Tulifungua maji yote yakamwagika. Kambi ina bomba, tulikuwa tunabeba mto kuupeleka ziwani. Mchele, makopo na jiko vikahamia mbele ya ekseli, sakafuni. Baiskeli zikapanda juu ya gari. Safari iliyobaki, malori yalitupita na trela ikatikisika kidogo tu na kutulia.

Siku hizi napima nyumbani kwa mizani ya bafuni. Ubao imara, ncha moja juu ya tofali, nyingine juu ya mizani, kati ya ncha hizo futi tatu. Shingo ya trela inakaa futi moja kutoka kwenye tofali, futi mbili kutoka kwenye mizani. Kinachosomeka zidisha mara tatu. Safari iliyopita ilisoma 144, yaani pauni 432, wakati trela nzima ilikuwa kama 3,340. Hapo ni asilimia 13, nami nalala usingizi. Trela iwe imekaa sawa na ardhi, na zuia tairi kwa mawe kwanza.

Usikimbilie kujaza mbele bila kipimo, maana Highlander yangu inakubali pauni 500 tu kwenye shingo. Kisha fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko kinachosema watu na mizigo visizidi kiasi gani. Changu kinasema 1,250. Sisi watano ni 570, shingo ya trela ni abiria wa sita mwenye pauni 432, zinabaki 248 za baiskeli, kreti ya soda na kila mtakachookota njiani. Nadhani hapa ndipo wengi wanaanguka, kwa sababu muuzaji anataja uwezo wa kuvuta na hataji uwezo wa kubeba. Zile fito za kusambaza uzito utakazouziwa, vyuma vinavyofungwa kati ya gari na trela, zinarudisha sehemu ya mzigo kwenye tairi za mbele na za trela, ila usizitegemee kukupunguzia hesabu hii, na baadhi ya magari hayazitaki. Soma kitabu cha gari lako.

Upepo wa tairi za trela pima asubuhi zikiwa baridi.

Wakati wa kurudi, pima upya kwa macho. Chakula cha mbele kimeliwa, na tanki la maji machafu, ambalo kwetu liko nyuma kabisa, limejaa wiki nzima ya kuosha vyombo. Limwage kwenye shimo maalumu la maji machafu la kambini kabla hujatoka getini, hata kama kuna foleni na watoto wanalia njaa.