Jibu: Mtoto amefia mikononi mwangu, nashindwa kurudi wodini

Pole sana daktari. Umesema mtoto wa miaka 4 amefariki kwa malaria kali, damu ya kumwongezea ikachelewa, na sasa unakikwepa kile kitanda.

Na mimi yalinikuta hayo hayo, hospitali ya misheni, zamu ya usiku. Kwanza jiulize umekula lini. Mimi nilishindia chai kavu siku mbili. Kisha kaa na muuguzi mliyekuwa naye, mfungue faili: wingi wa damu ulikuwa ngapi, damu iliombwa saa ngapi, ilifika saa ngapi. Kama kuna kosa, mtaliona hapo. Kichwani usiku kila kitu ni kosa lako.

Mimi nilienda msibani, nikakaa mkekani kimya. Mama wa yule mtoto akaniuliza kama nimekula. Usingizi wako utarudi lini, hilo sijui.