Mchawi aangukaye kutoka angani

Swali lenu la wiki hii limenikalisha chini: je, mfululizo wa michezo ya njozi ambao watu waliupenda wakiucheza kila mtu peke yake, unaweza kugeuzwa mchezo wa mtandaoni wa watu wengi na roho yake ikabaki? Mmetaka ndiyo au hapana, na sababu. Langu ni ndiyo. Lakini kipo kitu kimoja kisichovuka, na ningependa tukitambue hicho badala ya kulalamikia vingine vyote.

Nianze na mchawi.

Mwaka 2002 ulitoka mchezo wa tatu wa mfululizo wa The Elder Scrolls, uitwao Morrowind. Unaanza ukiwa mfungwa anayeshushwa melini kwenye kijiji cha Seyda Neen. Unaulizwa jina, unapewa karatasi za kuachiliwa na kifurushi cha kumpelekea mtu fulani mjini Balmora, kisha mlango unafunguliwa na shughuli yao na wewe imekwisha. Hakuna mshale wa kukuonyesha uelekee wapi. Njia unaelezwa kwa maneno, kama mwenyeji anavyomweleza mgeni: fuata mto, vuka daraja, ukifika njia panda usome kibao. Sasa ukitoka kijijini kwa miguu ukaenda kidogo tu, unasikia yowe juu yako. Unainua macho. Mtu anaporomoka kutoka angani, anagonga ardhi puu, kimya. Ukimkagua unakuta shajara yake na hati tatu za uchawi wa kuruka. Nilisoma moja pale pale. Nikapaa juu ya vilima, nikaona bahari upande wa pili, nikashuka na kufa kifo kile kile alichokufa yeye, kwa maana marehemu alibuni uchawi wa kupaa bila wa kutua.

Hakuna aliyenituma kwa mchawi yule. Hayumo katika kisa kikuu, na ukipanda chombo cha usafiri pale kijijini hutamwona kamwe. Mimi nilimwona kwa sababu nilichagua kutembea. Miaka yote hii, nikiulizwa kwa nini naupenda mfululizo huu, ndiye ninayemtaja.

Haya, mweke mchawi huyo katika mchezo wa mtandaoni. Barabarani pana watu 40. Aanguke mara ngapi? Akianguka mara moja basi, mmoja ameshuhudia na dunia nzima imekosa. Akianguka kila baada ya dakika tano, wa kwanza atashtuka, wa pili atamngojea, na wa tatu atamwelekeza wa nne asimame wapi aone vizuri. Akianguka kwa kila mtu kivyake, katika tabaka ambalo wengine hawalioni, wewe utakuwa umeduwaa unatazama juu huku jirani yako hajui unatazama nini. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi na sijapata njia ya nne.

Hicho ndicho kisichovuka: tukio linalotokea mara moja, mbele yako, na dunia ikabaki nalo. Katika michezo ya zamani ya mfululizo huu kikombe ukikihamisha nyumbani kwako utakikuta hapo hapo. Katika Morrowind unaweza hata kumuua mtu ambaye unabii mzima unamtegemea. Mchezo unakuarifu kwamba uzi wa unabii umekatika, unakushauri urudi pale ulipohifadhi mchezo, na ukitaka unakuacha uendelee kuishi katika dunia uliyoiharibu. Ruhusa ya namna hiyo huwezi kumpa mtu mmoja kati ya maelfu waliomo pamoja, kwani atakuwa amewaharibia wote.

Sasa nije kwenye yale ambayo watu hudhani hayavuki, kumbe yanavuka. Hapa mfano mzuri ni mfululizo huo huo. Mei 2012, miezi michache tu baada ya Skyrim, mchezo wa tano wa mfululizo, ilitangazwa kwamba unakuja The Elder Scrolls Online, kazi ya studio iliyoanzishwa mwaka 2007 chini ya Matt Firor, ambaye kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa walioleta Dark Age of Camelot, mchezo mwingine wa mtandaoni wa watu wengi. Mchezo ukatoka Aprili 2014 kwa kompyuta. Wengi wetu tulisema la kwetu limekwisha, maana tulikuja kwenye mfululizo huu kutafuta upweke na sasa tunaletewa umati.

Nilikosea, na nimejua kwa nini. Jeraha la mchezo ule mwaka 2014 halikuwa umati. Jeraha lilikuwa kwamba walitufungia njia. Uliingia ukachagua mmoja wa miungano mitatu inayogombea kiti cha enzi, na muungano huo ukawa zizi lako. Nchi za miungano mingine hukanyagi mpaka umalize kisa chako. Hata ndani ya nchi zako kila eneo lilikuwa na daraja lake la nguvu, ukatembezwa kutoka moja kwenda jingine kwa mpangilio kama mwanafunzi anayepandishwa madarasa. Rafiki akijiunga na muungano mwingine, kwaheri. Hata mlio katika kikundi kimoja, mmoja akiwa amemaliza kisa cha mji fulani na mwingine bado, mliweza kusimama mahali pamoja msionane, kwa kuwa mmoja yumo katika mji uliookolewa na mwenzake katika mji unaoungua. Yaani ulikuwa umati usioweza kukutana, katika nchi usiyoweza kuizunguka. Hapo ndipo roho ilipotoka.

Ilirudi Oktoba 2016, kwa sasisho lililoitwa One Tamriel. Waliondoa mageti. Kila mtu aende popote tangu siku ya kwanza, acheze na yeyote, na nguvu za mchezaji zilinganishwe na mahali alipo. Kwa mara ya kwanza nilitoka mji wa kuanzia, nikaangalia mlima uliokuwa mbali, nikaenda. Kuna watu walipita kando yangu wakienda kwao, na sikuona kama wamenipunguzia kitu. Ndipo nikatambua kwamba miaka yote nilikuwa naita upweke kitu ambacho jina lake hasa ni uhuru wa kushika njia yoyote. Nilivichanganya kwa sababu katika michezo ya zamani vilikuja vimefungwa pamoja.

Dawa ile ilikuwa na gharama yake, nisiifiche. Katika Morrowind kuna mapango ambayo ukiingia mapema unakufa, unatoka mbio, unakaa na jina la pango hilo kichwani, na baada ya wiki kadhaa unarudi umejiandaa. Kila mahali kukilinganishwa na nguvu zako, hofu hiyo inapotea na kisasi hicho hakipo tena. Kwangu mimi hasara hii ni kubwa kuliko makelele yoyote ya wachezaji wengine. Nimeikubali kwa kuwa hasara ya mageti ilikuwa kubwa zaidi.

Suala la mteule nalo linazungumzwa sana. Peke yako wewe ndiye shujaa aliyetabiriwa. Mtandaoni wateule wako laki kadhaa na wote wamepanga foleni kwa mfanyabiashara mmoja. Hapa watengenezaji walifanya uamuzi wenye busara ambao sisikii ukisifiwa vya kutosha. Hadithi waliiweka mwaka 582 wa Enzi ya Pili, karibu miaka 1,000 kabla ya Skyrim, wakati ambao dola haina mfalme mkuu na historia ya mfululizo wenyewe iliacha pengo. Katika pengo hilo mashujaa wengi wanaenea bila kugongana na kitabu chochote tulichokwisha kusoma ndani ya michezo. Halafu kiti cha enzi chenyewe wakakitoa kigombewe na watu wa kweli. Katika vita vya Cyrodiil, jimbo la katikati ya dola hiyo, muungano ukiteka ngome zote sita zinazouzunguka mji mkuu, aliyepigana zaidi ya wenzake anatawazwa kuwa mfalme, na wapinzani wakirudisha ngome hizo anavuliwa. Cheo hicho akikipata mtu, amepewa na jasho lake na la mamia ya wengine. Unabii haumo.

Watu wa Final Fantasy, mfululizo mwingine wa njozi, wana kazi nyepesi kidogo, kwani karibu kila namba ya mfululizo ule ni dunia mpya, hivyo mtandaoni hawaurithi mji ambao mashabiki wanaujua kila kona. Hata hivyo nawaheshimu kwa jambo moja. Mchezo wao wa kumi na nne ulipotoka mwaka 2010 ulikuwa mbovu kiasi cha kulazimika kuzimwa. Badala ya kuuzima kimyakimya, waliufanya mwisho wake kuwa kisa: mwezi mwekundu ukasogea siku baada ya siku juu ya vichwa vya wachezaji, na Novemba 2012 dunia ikateketea wote wakiwemo. Agosti 2013 ilifunguliwa dunia mpya, nayo inaishi na makovu ya maangamizi yale. Hilo ndilo jibu la karibu zaidi nililowahi kuliona kwa tatizo la mchawi wangu. Mtu mmoja hawezi kupewa tukio la mara moja, lakini watu wote wanaweza kupewa kwa pamoja. Bei yake ni kubomoa mchezo mzima, kwa hiyo si jambo la kufanya kila mwaka.

Waliotangulia kujaribu kuifanya dunia ikumbuke kila siku walikuwa Ultima Online, Septemba 1997. Mfululizo wa Ultima tayari ulikuwa na umri wa miaka kumi na kitu, na toleo lake la nne, la mwaka 1985, lilijengwa juu ya fadhila nane ambazo mchezaji alitakiwa kuzitimiza mwenyewe. Mtandaoni walibuni hata mtandao wa uhai: mbwa mwitu anawinda wanyama wadogo, wanyama wanakula majani, vyote vikitegemeana. Wachezaji walipofunguliwa milango waliwaua wanyama wote kwa kasi ambayo kuzaliana kusingeifikia, na mfumo ukaondolewa. Barabara nazo zikajaa wauaji, hadi mwaka 2000 dunia ikanakiliwa ikawa mbili, moja ya wapendao kuuana na nyingine ya wasiopenda. Penye wengi pana mengi. Mtu mmoja nyumbani kwake anaweza kuombwa awe mwema, akafikiri, akachagua. Umati lazima uwekewe ukuta.

Dragon Quest, mfululizo wa njozi wa Kijapani, nitaitaja kwa kifupi, kwa vile toleo lake la kumi, la mwaka 2012, lilibaki zaidi Japani. Walibuni njia ya upole ya kumsaidia mpweke: unaweza kumwajiri mhusika wa mchezaji mwingine ambaye wakati huo hayupo mtandaoni, ukasafiri naye kama mwenzako. Unakuwa peke yako, lakini katikati ya watu. Na bado mwaka 2022 walitoa toleo la kuchezwa nje ya mtandao kabisa. Inaonekana kuna waliokuwa wanalingoja.

Upande wa fedha siupendi na sitakaa nao. The Elder Scrolls Online ulianza na ada ya kila mwezi ya takriban dola 15 juu ya bei ya kuununua, ada ikaacha kuwa lazima Machi 2015, na mwishoni mwa 2016 yakaingia makasha ya kubahatisha, unayonunua bila kujua yaliyomo, katika duka la ndani ya mchezo. Peke yangu nikinunua mchezo, hakuna duka linalonifuata hadi pangoni. Kila anayegeuza mfululizo kuwa wa mtandaoni ajue kwamba hapo ndipo mashabiki wa zamani wanapoumia.

Lakini kuna kitu mtandao umenipa ambacho hakikuwapo. Usiku mmoja niliangushwa na jitu ndani ya magofu. Nikiwa nimelala chini, mtu nisiyemjua akatokea kwenye korido, akapiga magoti na kunifufua. Kumfufua mwenzako katika mchezo huu kunatumia kito cha roho kilichojaa, na vito hivyo mfululizo umekuwa navyo tangu zamani: ni vitu vya kunasia roho za waliokufa. Yeye alichomoa kimoja akanipa bure, akainama kidogo, akaendelea na safari yake. Sikuwahi kumwona tena. Hiyo nayo ilitokea mara moja, kwangu tu, na hakuna mtengenezaji aliyeipanga.

Juni 2017 watengenezaji wa The Elder Scrolls Online walituletea tena nchi ya Morrowind, ikiwa na umri mdogo kwa zaidi ya miaka 700 kuliko tuliyoijua. Mji wa Vivec, ambao mimi niliukuta mkongwe, hapa ulikuwa bado unajengwa. Nilishuka Seyda Neen pamoja na rafiki niliyempata mtandaoni, ambaye hajawahi kugusa mchezo wa mwaka 2002. Tukatoka kijijini kwa miguu. Aliniuliza kwa nini kila hatua kumi nasimama na kuangalia juu. Nikamweleza habari za mchawi, kisha nikajutia, kwani nilikuwa nimemharibia. Akanyamaza muda, akaniuliza mchezo ule wa zamani unapatikana wapi.

Siku nne baadaye nilikuta ujumbe wake: "Ameanguka. Nilijua ataanguka, na bado nimeshtuka. Hizi hati nizisome?"

Nilimjibu asome.