Wasomaji wanauliza: Wawili Johannesburg, watoto wabaki Lubumbashi

Mimi na bibi yangu tuna watoto wanne na hatujawahi kusafiri wawili tu. Tumeweka akiba ya kwenda Johannesburg siku tatu mwezi wa saba, na siku moja nzima tunataka kuwa Gold Reef City, ile bustani ya michezo yenye mashine za kupanda. Tuipange vipi ili isiishie kwenye foleni? – Papa wa Kampemba

Papa, anza na kalenda kabla ya ramani. Likizo ya majira ya baridi ya shule za Afrika Kusini huanguka kati ya mwisho wa mwezi wa sita na mwezi wa saba. Katika majuma hayo bustani hujaa familia. Tafuteni tarehe ambayo shule za kule zimefunguliwa tena, halafu chagueni siku ya katikati ya juma. Nje ya likizo, bustani kwa kawaida hufungwa Jumatatu na Jumanne, kwa hiyo tazameni saa na siku kwenye tovuti yao kabla hamjalipa ndege, si baada.

Mfike mlangoni nusu saa kabla haujafunguliwa, tiketi zikiwa tayari kwenye simu. Mkiingia, msisimame kwenye maduka ya mbele. Nendeni moja kwa moja kwenye mashine kali, mkianza na Tower of Terror. Sababu ni hesabu tu: behewa lake hubeba watu wachache kila mzunguko, na foleni ya namna hiyo ikishajaa haipungui mpaka jioni. Ya pili iwe Anaconda. Pale reli iko juu ya kichwa, kiti kinaning'inia, miguu haina pa kukanyaga. Viatu vya kuvuta vitaanguka, kwa hiyo vaeni vya kufunga kamba. Miwani, funguo na simu viingie kwenye mfuko wenye zipu au vibaki sandukuni. Ya tatu iwe Golden Loop, inayopita kwenye duara kwenda mbele, kisha inarudi kinyumenyume njia ileile. Hii ilijengwa kwanza Marekani mwaka 1977 na ikahamishiwa Johannesburg baadaye. Ni ya zamani, lakini mgongo utaikumbuka.

Hapo ndipo faida ya kuacha watoto inapoonekana. Mashine hizi zina kipimo cha urefu, na mwenye watoto wadogo hulazimika kupanda kwa zamu, mmoja juu, mwingine chini ameshika mikoba. Ninyi mnakaa kiti kwa kiti.

Kuanzia saa tano asubuhi foleni zinakuwa ndefu. Wakati huo shukeni mgodini. Bustani imejengwa juu ya shimo namba 14 la Crown Mines, mgodi wa dhahabu uliofungwa mwaka 1971, na ziara inashuka karibu mita 75 chini ya ardhi, mkivaa kofia na taa. Mtu wa Lubumbashi aliyezoea kuona shimo la wazi kama la Étoile ataona jambo jingine kabisa: mwamba wenye dhahabu ni tabaka jembamba lililoinama, mara nyingi halifikii hata mita moja, ndiyo maana wachimbaji walilifuata chini badala ya kuufungua uso wa ardhi. Ulizeni mnaponunua tiketi kama ziara imo ndani ya bei au inalipiwa peke yake, na wekeni saa yenu mapema kwa sababu vikundi ni vidogo. Baadaye msikose onyesho la kumimina dhahabu. Dhahabu inatoka kwenye moto ikiwaka rangi ya chungwa, inaingia kwenye kalibu, na kabla hamjamaliza kushangaa imekuwa tofali la manjano lililotulia. Dhahabu huyeyuka kwenye digrii 1,064, kwa hiyo simameni nyuma ya kamba mnayoonyeshwa.

Chakula kizito kiwe baada ya hapo, yaani kama saa saba na nusu. Alasiri ni ya gurudumu kubwa, nyumba za kale, na kukaa mkizungumza. Mashua ya maji ya kasi inalowesha mpaka chupi. Johannesburg iko karibu mita 1,750 juu ya bahari, juu kuliko Lubumbashi, na mwezi wa saba alfajiri inakaribia baridi ya barafu. Mkitaka maji, yapandeni mchana jua likiwa kali, mkiwa na suruali ya kubadili. La sivyo yaacheni.

Jumba la Makumbusho ya Apartheid, lililofunguliwa mwaka 2001, liko jirani kabisa. Msilibane mwishoni mwa siku hiyohiyo. Linahitaji masaa mawili hadi matatu na moyo uliotulia, kwa hiyo litengeeni asubuhi ya pili.

Bwana anataka nipande zote, mimi kizunguzungu kinanishika hata kwenye basi la Likasi. Nimeze dawa au nikatae? – Mama wa Katuba

Mama, kwanza tutenge mambo mawili. Kizunguzungu cha basi kinakuja kwa sababu sikio la ndani linahisi mwendo ambao jicho halioni. Kidonge cha kuzuia kichefuchefu cha safari kinasaidia kama kikimezwa nusu saa hadi saa moja kabla, si wakati tumbo limeshageuka. Muulize mfamasia, mwambie dawa nyingine unazotumia, na usikichanganye na bia, kwa kuwa kinaleta usingizi. Asubuhi kula kidogo: mkate na chai, au ndizi. Tumbo tupu linakusumbua sawa na tumbo lililojaa mafuta. Ukiwa kwenye kiti tazama mbali mbele na egemeza kichwa nyuma.

Jambo la pili ni uzito. Kwenye Tower of Terror behewa linaangushwa wima hadi ndani ya shimo, na pale chini mwili unabanwa kwa zaidi ya mara sita ya uzito wake kwa muda mfupi sana. Damu inakimbilia miguuni na macho yanaweza kuona giza. Kaza mapaja na tumbo, usizuie pumzi. Mwenye mimba, hata changa, asipande. Vilevile mwenye presha ya juu, ugonjwa wa moyo, maumivu ya shingo au mgongo, au aliyepasuliwa karibuni. Kama hujui hali ya presha yako, kaipime kabla ya safari.

Na kukataa ni haki yako. Bwana apande mara moja, wewe umngoje kwenye benchi, kisha muendelee pamoja. Siku ya wawili haiharibiki kwa dakika kumi.

Watoto wanabaki na nkambo wao, mama ya bwana, hapa komini Kenya, Lubumbashi. Ni mzee lakini ana nguvu. Tumwachie nini? – Mama wa komini Kenya

Mama, umeuliza lililo kubwa kuliko yote, kwa sababu mkiwa na wasiwasi wa nyumbani hamtafurahia hata mashine moja.

Mwachie nkambo karatasi moja ya mkono, herufi kubwa: majina ya watoto, tarehe za kuzaliwa, uzito wao wa sasa, dawa zinazowadhuru, jina la kituo cha afya mnachotumia, na namba za jirani mmoja na ndugu mmoja mwenye gari. Pembeni weka barua iliyosainiwa na ninyi wawili inayomruhusu kuwapeleka hospitali na kukubali matibabu. Ipigeni muhuri komini au kwa mthibitishaji.

Uzito una maana. Parasetamoli ya watoto hupimwa kwa kilo: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya masaa sita, isizidi mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 16 hadi 24 anapata mililita 10 za siro yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa yenu kwanza, siro zina nguvu tofauti. Homa yoyote ipimwe malaria siku hiyohiyo. Siro inashusha joto tu, haitibu.

Pesa zigawe: nusu taslimu mkononi mwa nkambo, nusu kwenye simu. Umeme ukikatika na mtandao ukilala, zile za simu hazinunui unga. Mkaa na maji ya akiba viwepo kabla hamjaondoka.

Kupiga simu, chagueni saa maalum ya jioni na muishike. Lubumbashi na Johannesburg zina saa ileile. Kupiga mara tano kwa siku kunawaliza wadogo na kumchosha mzee.

Karatasi gani zinasahaulika? – Msomaji wa Ruashi

Kadi ya manjano. Chanjo ya homa ya manjano inahesabika kuanzia siku ya 10 baada ya sindano, na sindano moja inatosha maisha yote, lakini ukidungwa siku tatu kabla ya ndege hutakubaliwa. Viza ombeni mapema. Pasipoti iwe na kurasa mbili tupu na uhai wa angalau siku 30 baada ya tarehe ya kutoka Afrika Kusini. Watoto wakibaki, hamhitaji vyeti vyao vya kuzaliwa wala idhini za kusafiri nao, na huo peke yake ni mzigo mkubwa uliopungua. Wekeni pia pesa ya Go-Pass, ada ya abiria ya uwanja wa ndege wa Luano, ambayo kwa miaka mingi imekuwa dola 50 kwa mtu kwa safari ya nje.

La mwisho kwa afya: Johannesburg haina malaria. Mmoja wenu akishikwa na homa kule, au baada ya kufika, amwambie munganga waziwazi kwamba ametoka Kongo na aombe kipimo cha malaria saa hiyohiyo. Daktari wa pale anaweza kufikiria mafua kwanza.