Bedford ya babu imelala miaka 15, niiwashe au niuze skrepa?

SWALI: Shikamoo fundi. Babu alituachia lori lake, Bedford TK ya dizeli, hapa Kongwa, alikuwa anapeleka mahindi sokoni Kibaigwa, sasa imelala chini ya mbuyu miaka 15 na jamaa wa skrepa anataka kuikata. Nikiweka betri nikapiga stata si itawaka tu?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usipige stata kabisa, nakuomba! Ringi za pistoni zikiwa zimeshikana kwa kutu utavunja injini nzima. Kwenye TK injini iko nyuma ya viti, fungua vile vimlango vya pembeni utaifikia vizuri, chomoa nozeli zote (zile zinazonyunyiza dizeli kwenye silinda), tia oili kidogo kila silinda, iache siku mbili tatu halafu zungusha kwa mkono taratibu mpaka iende laini. Hapo ndo umwage dizeli ya zamani yote, uoshe tanki, ubadili filta na oili, utoe upepo kwenye pampu. Ikiwaka usikimbilie barabarani, mipira ya breki imeshakauka na tairi hata zikionekana nzima zimepasuka ndani kwa ndani.

Skrepa mwambie asubiri. Ukame wetu wa Dodoma umeitunza hiyo bodi, ingekuwa pwani chumvi ingeshaila, na lori linalotembea lina bei kuliko la kuuzwa kwa kilo. Ila kadi ya gari si ina jina la babu? Basi familia ikae, mteue msimamizi wa mirathi, mahakama imthibitishe ndo mhamishe umiliki Mamlaka ya Mapato (TRA), mteja asije akalipa halafu mjomba akaibuka.