Vigingi vya Reli Shambani: Je, Tujenge?

SWALI: Mhariri, wapima ardhi wa reli mpya walipita kwetu Ahero miaka kadhaa iliyopita, wakapigilia vigingi katikati ya shamba la mpunga na kutuonya tusijenge. Tangu hapo hatujaona tingatinga wala barua. Kijana wangu anataka kujenga nyumba. Kwa nini mradi huu umejikokota hivi, na je, vigingi hivyo vinatuzuia kuitumia ardhi hii, ambayo hatimiliki yake bado ina jina la marehemu baba mkwe wangu? — Mama, Ahero

JIBU: Mama, kilichoikwamisha reli hiyo kwanza ni fedha. Awamu ya Mombasa hadi Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na ile ya kutoka Nairobi hadi Suswa, yenye kilomita 120, mwaka 2019, zote mbili kwa mikopo ya Benki ya Exim ya China. Kipande kilichopangwa kupitia Narok, Bomet, Sondu na Ahero hadi Kisumu hakikupata mkopo mwaka huo wa 2019, na reli ikakomea Suswa, katika Bonde la Ufa, mbali na Ziwa Victoria iliyokusudiwa kulifikia. Serikali ikarudi kuikarabati reli ya mkoloni, ile iliyofika Kisumu mwaka 1901, na abiria wakaanza tena kuipanda Desemba 2021.

Kuhusu shamba, kigingi cha mpimaji hakimnyang'anyi mtu ardhi, hata aliyekipigilia akiwa mkali namna gani. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012, Tume ya Taifa ya Ardhi hutangaza kwanza kusudio la kutwaa ardhi katika Gazeti Rasmi la Serikali, kisha huwasikiliza wenye madai, ndipo fidia ikadiriwe. Limeni, vuneni, tena msiwasikilize madalali wanaonunua mashamba kwa bei ya kutupa wakidai kwamba serikali imekwisha kuyachukua.

Nyumba inahitaji tahadhari zaidi. Marekebisho ya sheria hiyo yaliyofanywa mwaka 2019 yanasema kwamba thamani iliyoongezwa na maendeleo yaliyofanywa katika miaka 2 kabla ya tangazo hilo haitahesabiwa katika fidia, isipokuwa mwenyewe athibitishe kwamba aliyafanya kwa nia njema, si kwa kutazamia malipo. Kijana akiamua kujenga, apate kwanza kibali cha kaunti na ahifadhi stakabadhi zote za saruji, mabati na mafundi, zenye tarehe.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni jina la marehemu, kwa sababu fidia hucheleweshwa mara nyingi pale warithi wanapokuwa hawajathibitishwa. Nendeni kwa chifu mpate barua inayowataja warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa, kisha mfungue kesi ya mirathi mahakamani sasa, bila kungoja reli.